Mtoto wa Kuonyesha

Baba yangu alikuwa na watoto wawili katika darasa moja, na ushuru ulipowekwa juu ya ada alimficha mmoja, akamwonyesha mwingine. Mimi ndiye niliyeonyeshwa. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilipendelewa.

Tulikuwa darasa moja kwa sababu mimi nilichelewa kuanza shule. Mama alipojifungua mtoto wa mwisho niliwekwa nyumbani nimbebe, na nilipomshusha mgongoni mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshanifikia. Tukaingia darasa la kwanza pamoja, mimi nikiwa mrefu kuliko wote, yeye akiwa ameketi mbele na kujibu kila kitu. Tulimaliza la saba pamoja. Tulifaulu wote wawili na hatukuchaguliwa hata mmoja, kwa sababu nafasi za serikali zilikuwa chache na waliofaulu wakawa wengi. Siku zile, mtoto wa namna hiyo alirudi shambani, au alikwenda machimboni, au baba yake aliuza ng'ombe akampeleka shule ya binafsi. Baba aliuza ng'ombe. Sitamnyima sifa hiyo, aliuza kwa ajili yetu sote wawili.

Shule ilikuwa kwenye kituo kimoja cha biashara kati ya Kahama na Geita. Jina lake silitaji, maana waliohusika wengine bado wapo na wana wajukuu. Ilikuwa na madarasa manne ya matofali ya kuchoma, bweni dogo, na ofisi yenye mlango wa bati. Mwenye shule alikuwa mwalimu mstaafu, na ndiye aliyekuwa mkuu wa shule vilevile. Alikuwa pia mfugaji, na hilo ndilo la kukumbuka. Alifundisha asubuhi, na jioni alisimama zizini akiangalia ng'ombe wake wakirudi, na nadhani kichwani mwake zile zilikuwa kazi mbili za aina moja. Sisemi kwa dharau. Alitutunza vizuri.

Tulikwenda kwa baiskeli moja. Mdogo wangu aliendesha, mimi nikakaa nyuma na madaftari ya wawili mapajani. Njiani alinifundisha hesabu. Alikuwa akisema kanuni kwa sauti huku anakanyaga, mimi nikairudia, na nikikosea alisimamisha baiskeli katikati ya njia, akashuka, akaandika kwa kijiti kwenye vumbi. Tulichelewa mara nyingi kwa sababu ya namba zangu. Yeye alikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza, mimi nilikuwa wa kumi na kitu, na bila baiskeli ile ningekuwa wa mwisho.

Ushuru ulikuja tulipoingia kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini. Halmashauri iliamua kwamba shule za watu binafsi ni biashara kama duka au mashine ya kusaga, kwa hiyo kila mwanafunzi aliyelipa ada, sehemu ya ada ile iende kwao. Wangekuja kuhesabu wanafunzi na kulinganisha na daftari la mahudhurio. Sikuelewa sana wakati ule. Nilielewa tu kwamba baba aliitwa kwenye kikao cha wazazi na akavaa koti lake la harusi za watu.

Kikao kilifanyika darasani kwetu, na sisi wanafunzi tulisikiliza dirishani. Mkuu aliongea kifupi. Akasema, "Ushuru huu nikiutoa mfukoni mwangu, nafunga shule. Nikiuweka juu yenu, nusu yenu mtawaondoa watoto. Sasa mniambie ninyi."

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, hivi hao watu wanahesabu vichwa?"

"Wanahesabu vichwa," mkuu akajibu.

Watu wakacheka. Walicheka wote, baba yangu pia, na mkuu mwenyewe akatazama chini akitabasamu. Hakuna aliyepiga kura wala kunyoosha mkono. Jambo liliishia pale.

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe walichocheka. Wahesabuji wa mifugo walikuwa wakija tangu enzi za babu zetu, na kila walipokuja ng'ombe walipungua. Ng'ombe wa Msukuma hawakai zizi moja. Wengine wako kwa shemeji, wengine kwa rafiki ng'ambo ya mto, wamewekeshwa huko wanywewe maziwa na kutunzwa. Habari ikifika kwamba mhesabuji yuko kijiji cha pili, waliobaki nao wanasogezwa. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwona baba akisimama mbele ya karani wa mifugo na ng'ombe saba waliokonda, akilalamika kwa uchungu juu ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na mimi nikijua kwamba ng'ombe wetu wanono wako nyuma ya kilima na kaka wa jirani. Karani naye alijua. Aliandika saba, akapewa kuku, akaondoka. Watu waliishi hivyo na hakuna aliyejiona mwizi.

Sasa zamu ilikuwa ya wanafunzi. Mkuu aliwaeleza wazazi kwamba darasa haliwezi kuwa tupu, watu wa ushuru wangeshuku, kwa hiyo wengine wabaki kwenye daftari na wengine watolewe. Watakaotolewa wataandikwa kwamba wameacha shule, lakini wataendelea kusoma kama kawaida, ila siku ya kuhesabu watakuwa shambani kwake. Nyumba yenye wawili iandikishe mmoja. Zile zenye mmoja angezungumza nazo moja moja. Ada ya aliyeandikwa itapanda kwa kiasi cha ushuru, ya aliyefichwa itabaki pale pale.

Mzazi mmoja tu alikataa. Alikuwa na duka la vitambaa na vipuri pale kituoni, duka lililoanzishwa na babu yake aliyetoka Gujarati, na mabinti zake wawili walikuwa shuleni kwetu. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, mimi mambo ya kuficha mtoto sielewi. Andika wangu wote. Ushuru nitalipa, lakini risiti unipe. Kila muhula, risiti."

Wakamcheka huyo naye, kicheko cha aina nyingine. Wakasema mtu huyu woga umemzidi, serikali ikikohoa yeye anatoa mkoba. Baba alilirudia neno lile la risiti nyumbani kwa siku nyingi, akiiga sauti, na sisi tukicheka.

Baada ya kikao baba alituita zizini wakati wa kukamua. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, kibuyu katikati ya magoti, na hakututazama alipokuwa akiongea.

"Wewe utaandikwa," aliniambia.

"Na yeye?"

"Yeye tunamficha."

Mdogo wangu akauliza kwa nini yeye. Baba akasema jina likishaingia kwenye daftari la ushuru halitoki. Yeye mwenyewe alikuwa akikimbizwa na mgambo kila mwaka kwa ajili ya kodi ya kichwa, hata mwaka aliokuwa amelipa, kwa sababu tu jina lake lilikuwa limeandikwa mahali. Mtoto wa kiume angekuja kuwa mwenye mji, na deni la shule lingemfuata mpaka uzeeni. "Dada yako ataolewa," akasema. "Atahama na jina lake. Watamtafuta wapi?" Kisha akacheka kidogo, akakamua mkondo mwingine, akasema, "Na tangu lini mimi nikamwonyesha aliyenona?"

Mdogo wangu alicheka. Mimi pia nilicheka. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilicheka, na kwamba nikachukua kibuyu kilichojaa nikapeleka ndani.

Sikuumia. Ningependa kusema niliumia, ingekuwa heshima kwangu. Nilijua nafasi yangu katika nyumba ile kama nilivyojua urefu wangu, na hakuna mtu anayelia kwa sababu ya urefu wake.

Mwaka ule ulikwenda hivi. Gari la halmashauri lilipofika kituoni, watu wake walishuka kwanza kwenye mgahawa wakanywa chai na chapati, na mwenye mgahawa alikuwa na mtoto kwetu. Kabla hawajamaliza chai, waliofichwa walikuwa wameshashika majembe na kutokea nyuma ya bweni, wakielekea shamba la pamba la mkuu nyuma ya kilima. Sisi wa kuonyesha tulitandazwa darasani, dawati la watu watatu likikaliwa na mtu mmoja na nusu. Mtu wa ushuru aliingia, akahesabu kwa kalamu hewani, akatuangalia nyuso. Nilijizoeza kutazama ubao. Mkuu alisimama pembeni akieleza kwa huzuni jinsi watoto wanavyoacha shule kwa sababu ya dhahabu, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko ya baba kuhusu ndigana.

Mdogo wangu alizipenda siku zile mwanzoni. Alirudi na nyuzi za pamba kwenye sweta, na michembe ya viazi vikavu mfukoni aliyopewa na mke wa mkuu, na hadithi. Lakini watu wa ushuru walianza kuja bila kunywa chai. Walikuja mara mbili kwa wiki moja. Mkuu akaona ni salama zaidi waliofichwa washinde shambani wiki nzima, na mwalimu awafuate huko jioni. Mwalimu alifuata mara chache. Kisha yule wa hesabu na fizikia aliondoka kabisa, akaenda Mwanza, kwa sababu mshahara wake ulikuwa umechelewa na mkuu alisema ada zinachelewa na fedha iliyopo imekwenda kwenye ushuru wa hao walioandikwa. Nadhani ilikuwa kweli. Maharage yalipungua, tukala ugali kwa mlenda siku nne kati ya tano.

Na wazazi wakaanza kutazamana vibaya. Walioandikisha walilipa zaidi, wakaona watoto wa wenzao wanakula mlenda ule ule kwa ada ya zamani. Wenye mtoto mmoja walisema mkuu amewaficha watoto wa rafiki zake. Wawili walihamisha watoto. Yule mwenye duka hakuhamisha, hakulalamika, alikuja kila muhula, akalipa, akasubiri risiti iandikwe, akaipepea wino ukauke, akaikunja. Binti yake mkubwa alikaa dawati langu. Aliwahi kuniuliza, bila ubaya, "Kwa nini baba yako alikuandikisha wewe?" Nikamwambia kwa sababu mimi ni mkubwa. Aliridhika.

Baiskelini mambo yaligeuka kidogo. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimekaa darasani, kwa hiyo asubuhi nilimsomea niliyoandika jana yake, na yeye alinieleza maana yake. Sikuwa nikielewa nilichoandika, na yeye hakuwa amekisikia, lakini tukifika shuleni, kabla hajaelekea shambani, tulikuwa tunakijua wote wawili. Bado alikuwa wa kwanza katika mitihani ya ndani. Mkuu aliisahihisha karatasi yake nyumbani na kuificha chini ya mto.

Kosa lilijulikana tulipofika kidato cha nne, wakati wa kusajili watahiniwa. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Hilo ndilo ambalo wageni hawaniamini nikiwaeleza, lakini ni kweli, hakuna hata mmoja, si mkuu aliyefundisha miaka thelathini, si baba, si mimi. Ng'ombe aliyefichwa hurudi zizini mhesabuji akiondoka, anakuwa ng'ombe yule yule. Hana haja ya kuwa ameandikwa mahali ndipo atoe maziwa. Walidhani na sisi tungekuwa hivyo.

Mkuu alipeleka majina yote kwa afisa elimu, na afisa akafungua daftari la mahudhurio upande mmoja na orodha ya ushuru upande mwingine. Alisema majina aliyoletewa ni mengi kuliko wanafunzi waliopo. Mkuu akasema wamerudi. Afisa akamwambia kama wamerudi wote siku moja, basi hawakuondoka, na kama hawakuondoka shule inadaiwa ushuru wa mwaka mzima wa wote, pamoja na faini, na mpaka deni lile lilipwe lote idadi ya watahiniwa itabaki ile iliyo kwenye daftari. Mkuu aliuza ng'ombe. Wanono safari hii. Aliwaomba wazazi wamwongezee, na wazazi wakaulizana nani aanze, wale wa walioandikwa wakasema wao walishalipa, na fedha haikufika hata nusu.

Afisa alikuja shuleni mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, alikuwa na kitambaa cha kujifutia, na alimwita kila mzazi aliyelalamika na mtoto wake. Sisi tuliingia watatu. Baba alishika kofia mkononi. Afisa alipitisha kidole kwenye daftari, akasoma kwa sauti mstari wa mdogo wangu, ulioandikwa kwa mwandiko mzuri wa mkuu: "Ameacha shule. Amekwenda machimboni." Kisha akainua macho. "Na huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Ni mimi," akasema mdogo wangu. "Shikamoo."

"Marahaba." Afisa akajifuta pua. "Mwanangu, siwezi kumsajili mtu aliye machimboni."

Baba aliongea sana. Aliongea Kiswahili chake cha mnadani, akachanganya na Kisukuma, akaeleza kwamba kijana huyu ni wa kwanza, mkuu ashuhudie, na mkuu akashuhudia. Afisa akasikiliza mpaka mwisho. Akasema idadi haibadiliki, lakini orodha haijapelekwa Dar es Salaam, itapelekwa Ijumaa. Ikitokea mwanafunzi aliyeandikwa amejitoa mwenyewe, kwa saini yake, nafasi inabaki wazi na shule inaweza kuijaza. Alisema "akijitoa mwenyewe" mara mbili. Hakunitazama, na hata hivyo watu wote chumbani walinitazama.

Ilikuwa Jumanne.

Baba hakuniamrisha. Angeniamrisha ningetii, naamini hivyo mpaka leo, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumkatalia mtu jambo lolote. Labda maneno ya afisa yalimtisha, labda aliona haya. Aliniita nje jioni ile, akaniita "mayu". Wazee wa kwetu huwaita binti zao hivyo, yaani mama, wanapowapenda au wanapotaka kitu, na mimi nilikuwa sijaitwa hivyo tangu nilipokuwa namlea yule mtoto wa mwisho.

"Mayu," akasema, "mdogo wako ana akili."

"Najua, baba."

"Ukimwachia, atatubeba sote. Na wewe atakubeba."

"Ndiyo, baba."

Alidhani ile ndiyo ni ndiyo. Jumatano shangazi alikuja, dada yake baba, akakaa na mimi jikoni, akanieleza kwamba kuna watu wa Buseresere wameshaniulizia, watu wenye mji mzuri, na kwamba mume haulizi cheti. Mama alikuwa pale pale anachambua mchele wa kupikia wachimbaji siku ya gulio. Nilimtazama. Hakuinua kichwa. Alichambua mchele ule kama vile mawe yote ya Geita yamo ndani ya ungo wake, na sikumsamehe kwa hilo kwa miaka mingi, na sasa nimemsamehe kwa sababu tu amefariki.

Alhamisi asubuhi mimi na mdogo wangu tulipanda baiskeli kama kawaida, nikamsomea nilichoandika, akanieleza. Nilikosea jambo moja la duara na pembe. Alisimama, akashuka, akaliandika kwenye vumbi, akanifanya nilirudie mara tatu. Mtu ambaye kesho yake alitarajia kuchukua nafasi yangu ya mtihani alikuwa akinifundisha kwa ajili ya mtihani ule ule. Nilitazama mkono wake unavyoshika kijiti. Nilitaka nihisi kitu, huruma au upendo, nilikuwa na haki ya kuhisi, na ndani kulikuwa kimya kama nyumba ambayo watu wake wamekwenda msibani.

Ijumaa karatasi ilikuwa mezani kwa mkuu. Ilikuwa nusu karatasi tu, imepigwa chapa, na pengo la jina langu na pengo la saini. Mkuu alinipa kalamu yake mwenyewe. Baba alisimama nyuma yangu, nikawa nasikia anavyopumua. Mdogo wangu alikuwa nje, ameegemea baiskeli, nikamwona kupitia mlango uliokuwa wazi.

Niliisoma karatasi. Ilisema najitoa kwa hiari yangu. Nikaisoma tena. Na hapo ndipo hasira ilipokuja, hasira ya kwanza niliyowahi kuijua, na ilikuja baridi. Waliniweka mbele kwa sababu sikuwa na thamani ya kufichwa. Nilikaa kwenye dawati lile mwaka mzima nikihesabiwa kwa kalamu hewani, ili aliyenona asiguswe. Sasa imeonekana kwamba mahali pale pabaya ndipo palipokuwa pazuri, basi nipishe. Na niandike kwamba ni hiari yangu.

Niliweka kalamu mezani.

"Sisaini," nikasema.

Mkuu akauliza, "Umesemaje?"

"Sisaini, mwalimu."

Nilisubiri baba anipige. Sikugeuka. Nikasikia akivaa kofia yake. "Haya," akasema, si kwangu wala kwa mkuu. Akatoka, akapita mbele ya mdogo wangu bila kusimama, akashika njia kwa miguu.

Nilitoka. Mdogo wangu alikuwa ameshajua, uso wa baba ulitosha. Aliinua baiskeli, akaigeuza, akangoja nikae. Tulikwenda mpaka kwenye kile kipande cha njia chenye mchanga mwingi baada ya daraja.

"Shika vizuri," akasema. "Hapa panateleza."

Hayo ndiyo maneno yote.

Nilifanya mtihani ule. Hesabu nilizipata, zile za vumbini, na lile la duara na pembe lilikuwemo. Walioandikwa tulifanya, na walioondolewa kwenye daftari hawakufanya, na kwa bahati mbaya waliondolewa wengi wa wale ambao baba zao waliwapenda zaidi. Wakaambiwa watajisajili wenyewe mwaka unaofuata kama watahiniwa wa kujitegemea. Wachache walifanya hivyo. Mdogo wangu alisema mwakani, baba akasema mwakani, lakini mwaka ule mvua ilikataa na pamba ikakataa, naye akafuatana na vijana wengine mpaka maeneo ya Bulyanhulu, akaingia kwenye duara. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, mtu anateremka kwa kamba. Kufikia Krismasi alituma fedha nyumbani, nyingi kuliko mshahara wa mwalimu, na baada ya hapo hakuna aliyesema tena mwakani. Kwa hiyo daftari la mkuu likawa limesema kweli.

Shule ilifungwa. Ushuru nao nasikia ulikuja kuondolewa, sijui lini, hakuna aliyekuja kututangazia. Madarasa yakawa ghala la pamba. Mkuu alirudi kwenye ng'ombe waliobaki. Mwenye duka aliwapeleka mabinti zake Mwanza, na nasikia alipoombwa uthibitisho wa masomo yao alitoa bahasha ya risiti.

Baba hakunikasirikia kwa maneno. Aliuza ng'ombe mwingine nikaenda chuo cha ualimu, na mbele ya wageni aliniita "huyu wetu aliyesoma". Lakini "mayu" hakuniita tena.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nafundisha Shinyanga mjini, nimepanga chumba mtaa wa Kambarage. Mdogo wangu alinitembelea mara mbili kwa mwaka. Alikuja na nyama, na mchele, na mara moja alikuja na redio. Alikuwa amekonda, alikohoa kikohozi cha vumbi la mawe, na kucha zake hazikutakata hata akizisugua. Alikagua daftari langu la maandalio ya somo, akakuta kosa kwenye mfano wa hesabu, akalisahihisha kwa penseli bila kuniambia. Nililikuta Jumatatu darasani.

Alipokuja tena nilimngoja amalize kula. Nilikuwa nimeibeba ile habari miaka yote hiyo bila kuhisi uzito wake, na nilitaka angalau anitukane. Nilitaka aseme dada, ulinimaliza. Niliamini akisema hivyo kitu kingefunguka ndani, ningelia, tungemaliza.

"Nikuulize," nikamwambia. "Ile siku ya karatasi. Tungekuwa tumebadilishana, wewe umeandikwa na mimi nimefichwa, wakakuomba uniachie. Ungesaini?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Ningesaini," akasema, akanawa mikono.

Namjua. Angesaini kweli, na angeona ni jambo dogo. Nilikaa pale namtazama akijifuta kwa taulo langu, nikingoja machozi, na hayakuja. Kilichokuja ni kwamba nilijua, bila shaka yoyote, kwamba hata wangeniletea karatasi ile tena papo hapo, na yeye ameketi pale mbele yangu na kikohozi chake, nisingesaini.